Kukata kwa Faida ya Kikatwacho

Uko mchezo wa simu uitwao Prune, yaani kupogoa, ulioandikwa na Joel McDonald na kutolewa mwaka 2015. Wasomaji wetu walio wazee huenda hawaujui, lakini vijana wa nyumbani mwao waujua huo au mwingine wa jamaa yake, kwa kuwa michezo ya kukuza miti na kuitengeneza umbo imekuwa mingi. Yafaa tuueleze kwanza, ndipo tuulize swali lililotushikisha kalamu.

Kioo cha simu huwa kama anga tupu, na chini yake pana udongo kidogo. Mchezaji apitisha kidole kutoka chini kwenda juu, na papo hapo mti waota, mwembamba na mweusi, ukitoa matawi upande huu na huu pasipo kuagizwa. Si matawi yote yatakayofika. Juu, au kando, nyuma ya vivuli na vizuizi, pana nuru, na tawi liifikialo nuru huchanua maua. Kazi ya mchezaji ni moja tu, kukata. Apitisha kidole juu ya tawi lisilofaa, nalo lakatika na kuanguka, na nguvu zake zahamia katika matawi yaliyosalia. Kadiri aendeleavyo hukuta hatari, kama vile mianga myekundu ambayo tawi likiigusa hufa. Hapana saa ya kumharakisha mtu, hapana adui wa kupigwa, wala maneno karibu hayamo. Mti ukishindwa, apitisha kidole tena, na mti mwingine waota mahali pale pale.

Watu husema kwamba mchezo huu hutuliza moyo, nasi twasadiki. Hatupendi kuhesabiwa pamoja na wale ambao kila wamwonapo kijana ameinamia simu huanza kuhubiri. Mtu aliyeshinda juani akipalilia mahindi hana kosa akipumzika nusu saa kwa kukuza mti wa uongo. Twauliza neno jingine. Kwa nini unatuliza? Twaona ni kwa sababu ndani yake kila ukataji ni wa haki. Mti wataka nuru, mkataji naye autakia nuru, na shauri lao ni moja. Tena hapana kitu kipoteacho. Tawi lililoanguka halimwulizi mtu neno, na mti uliokufa waota tena kabla hujapepesa macho.

Basi swali letu ni hili: je, mtu aweza kumkata mwingine kwa faida ya huyo akatwaye? Naye akidai hivyo, tutamjuaje kuwa asema kweli? Hapa Nyanungu swali hili si la kupitishia wakati, kama tutakavyoonyesha. Ila tuanze na miti, maana ndiko mchezo ulikotupeleka.

Kahawa ilimwayo katika milima ya Tarime ni ile iitwayo arabika. Kule Sirari, karibu na mpaka wa Kenya, kiko kituo kidogo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, ambayo makao yake ni Lyamungu katika Kilimanjaro, mahali ambapo kituo cha utafiti kilianzishwa mwaka 1934. Mkulima aliyefundishwa vema ajua kwamba mbuni huzaa katika sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia. Tawi likisha kuzaa mahali fulani, mavuno ya mwaka ufuatao husogea mbele, na mwaka wa tatu mbele zaidi, hata kahawa yote ikawa nchani, mbali na shina, mahali pasipofikwa na mkono. Tena mti usiopogolewa hujitwika mzigo upitao nguvu zake. Mwaka huu huinama kwa wingi wa matunda, nasi twafurahi na kukopa kwa matumaini. Mwaka wa pili majani hupukutika, ncha za matawi hukauka zikawa nyeusi, na yale yaliyovunwa mengi ni mapepe. Kwa hiyo mkulima huondoa machipukizi yaotayo shinani ovyo, huondoa matawi yapandanayo, na kufungua katikati ya mti ili hewa na nuru vipite.

Na mti ukisha kuchoka kabisa, hukatwa wote. Hubaki kisiki cha urefu wa futi moja hivi, kilichokatwa mshazari ili maji ya mvua yasitulie juu yake. Baada ya majuma machache kisiki hutoa machipukizi mengi, na mwenye shamba huchagua mawili au matatu yenye nguvu, mengine huyang'oa akiyahurumia. Lakini kisiki hicho hakitampa kahawa msimu ujao, na pengine hata ule utakaofuata. Hapo ndipo utakapowajua watu. Bwana shamba huja na kusema maneno mazuri juu ya mavuno ya mbele, kisha hupanda pikipiki yake akaenda zake; abakiye pale ni baba mwenye watoto wa shule, akitazama visiki. Wengi wa wazee walikataa kukata, nasi hatuwalaumu upesi, maana mtu asiye na akiba haambiwi kirahisi angoje miaka miwili. Waliokubali hukata sehemu tu ya shamba kila mwaka, wakazunguka nalo kidogo kidogo, ili nyumba isilale njaa.

Mchezo hauna jambo hili hata kidogo. Mti wa kwenye simu hauna msimu, wala mpogoaji wake hana mtoto wa kusomesha. Twasema hivi si kwa kuuponda mchezo, bali kwa kuwa hapa ndipo panapotofautiana kidole na panga: shambani, kila pigo la panga humgharimu kwanza yule aliyelishika.

Hata hivyo tusijidanganye juu ya shamba nalo. Mbuni wa porini, katika misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia ambako ndiko asili yake, haujui mkasi. Hukua chini ya kivuli cha miti mikubwa, ukarefuka mita nane hata kumi, ukazaa kidogo, nao huishi. Ni sisi tulioutoa kivulini na kuuweka juani, tukautilia samadi, tukautaka magunia. Haja yake ya kupogolewa tumeiumba wenyewe. Kwa sababu hiyo mpogoaji mnyofu husema, "Nakukata ili nivune," wala hapana dhambi katika maneno hayo. Mwanadamu amepewa kula jasho lake. Shaka yetu huanza pale mkataji abadilishapo usemi na kunena, "Nakukata kwa ajili yako wewe." Maneno hayo mawili hutoka katika kinywa kimoja, mara nyingi siku moja, na mwenyewe asijue kwamba amehama.

Mtu mwenye elimu aweza kutupinga hapa, tena kwa hoja nzuri. Atasema, nendeni mkatazame miti ya Serengeti iliyo jirani nanyi. Twiga huila migunga na kuipunguza hata ikapata kiuno kama kinu, tembo huivunja, nayo ingali imesimama. Ataendelea na habari ya Laikipia, katika Kenya, ambayo sisi tumeipenda sana. Mwaka 1995 wataalamu walizungushia viwanja vya pori uzio, ili tembo na twiga na wengineo wasiingie. Humo mlikuwa na ile migunga mifupi yenye vinundu vyeusi ambamo sisimizi hukaa, na upepo ukipita hulia mluzi. Kila mtu angedhani kwamba mti uliookolewa na meno ya wanyama utanenepa. Baada ya miaka kumi ilionekana kinyume. Mti usioliwa ulikuwa umeacha kuwalipa askari wake: ulipunguza vinundu vya kuwalaza sisimizi na utamu wa kuwalisha. Sisimizi wakali wakadhoofika, wengine wasioulinda mti wakaingia mahali pao, wadudu watoboao shina wakazidi, na miti ile ikakua polepole na kufa zaidi kuliko ile iliyotafunwa kila siku. Habari hizi zilitangazwa mwaka 2008.

Basi hatuwezi kusema kwamba kila kukatwa ni kudhulumiwa. Viko viumbe ambavyo kukatwa kumekuwa sehemu ya uzima wao, na akiwakinga mtu kwa huruma isiyo na maarifa atawaua. Lakini angalieni mambo mawili. Twiga hakusema kwamba ameula mgunga kwa faida ya mgunga. Alikuwa na njaa. Tena wale wataalamu hawakumwuliza twiga, wala hawakuuliza desturi ya twiga. Walipima mti wenyewe: unakua kiasi gani, wangapi wamekufa. Faida ya kikatwacho ilitafutwa ndani ya kikatwacho, nayo ikaonekana au haikuonekana.

Kutoka katika mambo haya sisi tumepata kipimo, nacho si kigumu. Mtu akisema, "Nakata kwa faida yako," usimtazame uso wake, kwa maana uso wa upendo waweza kuwa wa kweli na mkono ukakosea. Mtazame alipaye. Ni nani atakayekosa kitu kwa sababu ya pigo hili, na ni nani atakayepata? Mkulima wa kisiki hukosa pamoja na mti wake. Mzazi amkatazaye binti yake kuozwa mapema, akamlipia shule, hukosa ng'ombe ambao angewapata leo. Lakini palipo na mkataji asiyekosa kitu, na mkatwaji alipaye yote, hapo maneno ya faida yapasa kushukiwa, hata yakisemwa na mama.

Wasomaji wa Tarime na Serengeti wamekwisha jua tunakoelekea. Katika nchi ya Wakuria neno kukata halisemwi kwa miti peke yake. Mwezi wa Desemba wa miaka igawanyikayo kwa mbili, shule zikisha kufungwa, ndio msimu uliozoewa wa kutahiri wavulana na kukeketa wasichana. Binti asiyekeketwa huitwa msagane, na wanaomwita hivyo humaanisha kwamba bado hajawa mtu mzima, ijapokuwa ana umri wa kutosha na akili kuwashinda wamwitao. Sababu itolewayo ni ile ile ya mti wa kwenye simu: akatwe ili akue. Hatujapata kumsikia mzee akisema, "Twamkata ili tumwumize."

Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini miaka ya 2015 na 2016, wanawake 10 katika kila 100 wa Tanzania, wenye umri wa miaka 15 hata 49, walionekana wamekeketwa. Katika mkoa wa Mara walikuwa 32, ingawa mkoa huu una makabila mengi yasiyo na desturi hiyo. Mwaka 2022 hesabu ya nchi nzima ilishuka hata 8. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka mitano hata kumi na mitano. Mambo haya yamekwisha kutangazwa mara nyingi, wala hatukukusudia kuyahubiri upya. Twataka kuyapima tu kwa kipimo chetu.

Ni nani alipaye? Damu ni ya binti. Maumivu ni yake, na hofu ya kabla ya siku ile ni yake. Miaka ikipita na kuzaa kukamjia, ni kovu lake lisilotanuka, na mara nyingine ni uhai wake na wa mtoto. Ngariba amepewa ujira wake akaenda. Nyumba imepata jina jema katika ukoo, na pengine ng'ombe wa mahari wamekwisha kuhesabiwa kabla jeraha halijapona. Kisiki cha mbuni huchipua. Kilichokatwa kwa binti hakichipui. Tena tukiitafuta faida ndani yake mwenyewe, kama wale wa Laikipia walivyoitafuta ndani ya mti, hatuioni. Yote tuonyeshwayo yako nje yake: heshima ya baba, amani ya ukoo, vinywa vya majirani vilivyonyamazishwa.

Hapo bibi atajibu, nasi twapaswa kumsikiliza kwa adabu, maana hakumpeleka mjukuu wake kwa chuki. Atasema, "Mimi nami nilikatwa, nililia, nikanyamaza, nikawa mama wa watu. Nimelipa." Ni kweli, bibi amelipa, tena alilipa bila kuulizwa. Lakini malipo yake yalikuwa kwa ajili ya pigo lililompata yeye. Hayanunui ruhusa ya kumpiga mwingine. Kama yangenunua, kila aliyeibiwa ng'ombe angekuwa na haki ya kuiba wa jirani asiye na hatia. Twajua kwamba katika nchi hii ya wizi wa ng'ombe wako walioufuata ufahamu huo, na twajua ulikowafikisha.

Mwingine atauliza juu ya tabibu. Tabibu humkata mgonjwa, naye halii. Alipaye ni mgonjwa. Je, kipimo chetu kimevunjika? Twajibu kwamba tabibu huitwa. Mgonjwa humwendea kwa miguu yake, au hubebwa na wale wamtakiao uzima, akiwa na ugonjwa uonekanao. Naye akipona ndiye asemaye kwamba amepona. Hapo mkatwaji ana kinywa katika shauri. Na juu ya wavulana je? Hatutaki kupita pembeni. Uchunguzi uliofanywa Kisumu, na Rakai katika Uganda, na Afrika Kusini, uliomalizika kati ya mwaka 2005 na 2007, ulionyesha kwamba tohara ya mwanamume hupunguza kwa nusu au zaidi hatari ya yeye kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa mwanamke. Faida hiyo imo ndani yake mwenyewe, nayo yaweza kuhesabiwa. Lakini kisu kimoja kipitacho kwa wavulana kumi, na kijana akokotwaye kwa kudhihakiwa, hayo hayatetewi na hesabu hiyo.

Iko tofauti nyingine kati ya mti na mtu, nayo twaiona kuwa kubwa kupita zote. Mti haukimbii. Ukiukata vibaya utakujibu kwa namna yake, kwa kutoa machipukizi pasipofaa au kwa kukauka, lakini utasimama pale ukingoje pigo la pili. Binti hukimbia. Kule Masanga, katika Tarime, tangu mwaka 2008 pamekuwa na mahali pa kuwapokea wasichana wakati wa msimu. Na Mugumu, katika wilaya ya Serengeti, nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya uongozi wa Rhobi Samwelly, mwanamke wa nchi hii hii. Wasichana hufika huko usiku, wengine wametembea porini peke yao, wakihofu wanyama kuliko walivyowahi kuhofu, ila wakihofu zaidi walikotoka. Mtu aliyesema, "Twamkata kwa faida yake," amejibiwa kwa miguu. Tukidai kwamba hatujui maoni ya mkatwaji, hatusemi kweli.

Najua, ndugu zetu wainjilisti watasema: mbona Yohana, mlango wa 15, asema habari ya mkulima ashughulikiaye matawi yazaayo ili yazidi kuzaa? Wafasiri wetu waliandika neno kusafisha, na katika Kiyunani nalo ni neno la kutakasa. Lakini kazi isemwayo ni ya kisu. Kweli, na mlango huo umetumiwa mara nyingi na wenye visu na fimbo. Mwalimu ampigaye mtoto hata mgongo ukavimba husema kwamba anampogoa. Baba amfukuzaye mwanawe husema hivyo hivyo. Sisi twawaomba watazame ni nani asemaye katika mlango ule. Asemaye si mwenye kisu, ni mzabibu. Naye asema usiku ule ule ambao kesho yake atakatwa yeye kwanza, mbele ya tawi lolote. Wale wajiitao wapogoaji kwa mamlaka ya mlango huo wamejiweka mahali pa mkulima, wala hakuna aliyewaweka pale. Mahali pao, kama petu, ni mahali pa tawi. Asiyepata kuuona mzabibu aende Dodoma, ambako hupogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Baada ya kupogolewa, jeraha lake hutoa maji, tone kwa tone, hata ardhi ikalowa chini yake.

Hatukumaliza habari ya simu. Tulisema kwamba katika mchezo kidole hukata na hapana kitu kipoteacho, na mtu angeweza kudhani twaona kioo kile kuwa mahali pa uongo mtupu. Sivyo. Mwaka 2015, mwaka ule ule uliotoka mchezo wa miti, ilianza kazi iitwayo Crowd2Map, ya kuchora ramani za vijiji vya Tanzania visivyokuwamo katika ramani yoyote. Shida ilikuwa hii: msichana wa kijiji fulani wilayani Serengeti au Tarime aweza kupeleka habari kwamba atakatwa kesho, na wenye kumwokoa, pamoja na polisi, wasijue njia ya kufika, kwa kuwa penye ramani pana weupe tu. Watu wa kujitolea katika nchi nyingi, wengi wao wasioijua Mara hata kwa jina, waliketi jioni baada ya kazi zao, wakatazama picha zilizopigwa kutoka angani, wakachora barabara moja baada ya nyingine na nyumba moja baada ya nyingine. Kisha watu wa vijijini humu, wenye simu zao, wakatia majina: hapa shule, hapa kanisa, hapa mto, hapa njia haipitiki wakati wa mvua.

Kazi hiyo haina maua yachanuayo. Achoraye nyumba mia hajui ni ipi itakayohitajiwa, wala hapewi habari baadaye. Lakini Desemba ikija, na simu ikilia usiku Mugumu, dereva huifungua ramani hiyo kwa kidole chake, akafuata mistari ile hata penye boma.